Kompyuta za Serikali Zikizeeka: Shule za Lamu Zipewe Nini, na Zipewe Lini

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya marekebisho ya usalama kwa Windows 10, na kuanzia siku hiyo mamilioni ya kompyuta zisizo na kasoro yoyote ziligeuka kuwa mzigo kwa wenyewe. Windows 11 haiikubali rasmi mashine isiyo na kidude cha usalama kiitwacho TPM 2.0, wala haizikubali prosesa nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 au 2018. Ofisi yenye fungu la fedha hununua mashine mpya. Zile za zamani huondolewa mezani, zikapangwa kwenye korido, kisha zikaingizwa stoo. Hapo zitakaa zikisubiri uamuzi wa mtu, na mtu huyo mara nyingi ana mambo mengine ya kumshughulisha.

Kwamba zipewe shule na vyama vya hisani, karibu kila mtu anakubali, na kila kiongozi anayetafuta picha nzuri ya gazeti anakubali zaidi. Kinachojadiliwa kidogo mno ni zipewe lini na ziandamane na nini, na hapo ndipo msaada mwingi wa aina hii unapoharibikia. Nimefundisha somo la kompyuta katika shule za sekondari za Kaunti ya Lamu, na bado naitwa kufungua masanduku ya misaada yanapofika, kwa hiyo nayasema haya nikiwa upande wa anayepokea.

Sheria yenyewe haina ubaya mkubwa. Sheria ya Kenya ya Ununuzi wa Umma na Uondoaji wa Mali ya mwaka 2015, inayozibana serikali kuu na serikali za kaunti kwa pamoja, inamtaka mtumishi anayesimamia mali iliyochakaa, iliyopitwa na wakati au iliyozidi mahitaji aifikishe habari yake kwa kamati ya uondoaji wa mali, nayo kamati impendekezee afisa mhasibu njia ya kuiondoa. Kifungu cha 165 kinazitaja njia zenyewe, na ya kwanza kutajwa ni kuihamishia mali hiyo kwa taasisi nyingine ya umma, kwa malipo au bila malipo. Zinazofuata ni zabuni ya wazi, mnada wa hadhara, kumrudishia muuzaji kama sehemu ya bei ya mali mpya, na kuiharibu kwa taratibu za usimamizi wa taka. Kifungu cha 166 kinawafungia mlango wafanyakazi wa taasisi husika, isipokuwa pale sheria inaporuhusu waziwazi, ili karani asiione kompyuta ya ofisi imechakaa ghafla wiki ambayo mwanawe anaanza chuo. Shule ya umma ni taasisi ya umma kwa mujibu wa sheria hiyo. Maana yake ni kwamba ofisi ya serikali inaweza leo kuipa sekondari ya umma kompyuta ishirini bila kudai hata shilingi moja, ikafanya hivyo kwa barua, kumbukumbu za kamati na orodha ya mali, bila kusubiri sera mpya wala hotuba.

Kwa hiyo anayesema mikono yake imefungwa na sheria hasemi kweli, angalau kwa upande wa shule za umma. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuifanya njia hiyo ya kwanza iwe ya kawaida, na hapa inafaa kuwatazama waliotangulia. Nchini Marekani, Rais Bill Clinton alitia saini Agizo la Rais namba 12999 tarehe 17 Aprili 1996, likizielekeza idara za serikali kuu zizipe shule na mashirika ya elimu yasiyo ya kibiashara kipaumbele katika kompyuta zilizozidi mahitaji. Mpango unaolitekeleza agizo hilo huitwa Computers for Learning na husimamiwa na General Services Administration, idara inayoshughulikia majengo na mali ya serikali. Shule hujiandikisha, hutazama vifaa vilivyotangazwa, huomba vile inavyovitaka, na idara yenye vifaa huamua nani apewe. Wanaoruhusiwa ni shule za umma, za binafsi na za kidini, kuanzia chekechea hadi mwisho wa sekondari, pamoja na mashirika ya hisani yaliyosamehewa kodi yanayowahudumia watoto wa ngazi hizo. Usafiri na matengenezo ni juu ya anayepokea. Kanada ilianza mapema zaidi, mwaka 1993, kwa njia ninayoipenda kuliko ya Marekani: kompyuta za serikali na za makampuni hupitia kwanza kwenye karakana, zikakaguliwa na kutengenezwa na vijana wanaojifunza kazi, ndipo zikapelekwa shuleni. Hapa kwetu shirika la Computers for Schools Kenya limefanya kazi inayofanana na hiyo tangu mwaka 2002 likiwa Nairobi, ila ni shirika la kiraia na halina mamlaka ya kuzishurutisha ofisi za serikali zitoe chochote.

Tofauti kati ya kompyuta iliyotolewa wiki ilipoondoka mezani na ile iliyotolewa baada ya kulala stoo miaka minne ni kubwa kuliko anavyodhani mtu wa Nairobi. Hapa Lamu hewa yenyewe ina chumvi. Upepo wa kusi ukishika, unyevu wa bahari huingia hata kwenye vyumba vilivyofungwa, na nyumba zetu za mawe ya matumbawe hutoa chumvi ukutani, ikaonekana kama unga mweupe chini ya rangi. Kompyuta inayofanya kazi kila siku hujikausha kwa joto lake. Iliyozimwa na kusukumwa ukutani hunyonya unyevu huo polepole. Skrubu za nyuma hushika kutu kwanza, kisha matundu ya kuchomekea waya wa skrini, kisha miguu ya kumbukumbu ya RAM iliyo ndani. Ukiiwasha inalia milio mitatu au minne na skrini inabaki nyeusi, na asiyejua atatangaza kwamba imekufa. Dawa yake ya kwanza ni kifutio cha kawaida cha mwanafunzi: unaichomoa RAM, unausugua ule mstari wa rangi ya dhahabu taratibu mpaka utando utoke, unapuliza vumbi na kuirudisha mahali pake mpaka usikie vibanio vyote viwili vimelia. Mashine nyingi zilizohukumiwa kifo zimefufuka kwa kifutio.

Kasoro nyingine inayotokana na kulala stoo ni ile betri ndogo ya mviringo, kama sarafu, inayotunza saa ya kompyuta. Ikiisha nguvu, mashine huamka kila asubuhi ikiamini iko mwaka ilipotengenezwa. Mwalimu anaona intaneti ipo na kebo imechomekwa, lakini kila tovuti inakataa kufunguka na kumwonya kwamba haiko salama, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti hizo havijaanza kutumika kwa hesabu ya saa ya kompyuta. Chumba kizima cha kompyuta kinaweza kufungwa muhula mzima kwa sababu ya betri ambayo bei yake haifiki hata ya chakula cha mchana hotelini. Kwa nini isibadilishwe kabla mashine haijatoka ofisini, sijapata jibu la kuniridhisha.

Nichukue mfano wa shehena moja, kutoka ofisi nisiyoitaja kwenda sekondari nisiyoitaja. Kompyuta za mezani zilikuwa zaidi ya ishirini, zote za muundo mmoja, na hilo ni jambo jema sana kwa sababu kifaa cha moja hutibu nyingine. Tulipofungua, hakuna iliyokuwa na diski. Diski zilikuwa zimeng'olewa pamoja na vishikizo vyake vya plastiki na skrubu zake, hivyo hata diski mpya ikinunuliwa ingebaki inaning'inia ndani. Waya za umeme zilikuwa chache kuliko mashine. Skrini zilikuwa za zamani zenye tundu la VGA pekee, na kompyuta zilikuwa na matundu ya DisplayPort pekee, maana yake kila moja ilihitaji kiunganishi chake cha kununuliwa. Mwishowe, tulipoazima diski na kuiwasha moja, ilidai neno la siri kabla ya kukubali kuanza kutoka kwenye kifaa kingine chochote, na afisa aliyeliweka neno hilo alikwisha kuhamishiwa kaunti nyingine.

"Mwalimu, si tuliambiwa zinafanya kazi?" aliniuliza mwalimu mkuu.

"Zilikuwa zikifanya kazi, Mwalimu Mkuu, siku zilipoondolewa mezani."

Kwenye kompyuta za mezani neno hilo la siri kwa kawaida lina tiba, kwa kuwa mara nyingi kuna vipini viwili kwenye ubao mkuu ambavyo ukivihamishia kifuniko chake neno linafutika. Vipakatalishi vya ofisini ni shughuli nyingine: vingi havifunguki mpaka mtengenezaji mwenyewe akusaidie, naye hakusaidii mpaka umwonyeshe uthibitisho kwamba mashine ni yako. Ndiyo maana barua ya makabidhiano inayosema tu "kompyuta 20" haina thamani. Barua yenye kufaa inaorodhesha namba ya kila mashine, inataja kiwango cha kumbukumbu na diski, inasema ipi ina kasoro gani, na inatamka kwamba umiliki umehamia shule. Shule nayo inaziingiza kwenye daftari lake la mali siku hiyo hiyo, kwa sababu mkaguzi wa hesabu akija mwakani hatauliza habari za picha zilizopigwa.

Kuhusu diski zilizong'olewa, siilaumu ofisi kwa nia yake. Diski ya ofisi ya umma ina majina, namba za vitambulisho, mashauri ya ardhi na pengine habari za wagonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 haimruhusu anayezishika habari hizo azitupe ovyo. Nawafahamu watu waliokuta kwenye kompyuta za mnada barua ambazo hazikupaswa kusomwa na yeyote. Lakini kuing'oa diski si njia pekee ya kulinda siri, wala si salama kama inavyodhaniwa, kwa kuwa diski zilizong'olewa huishia kwenye droo fulani ambayo haina kufuli wala orodha. Diski za kawaida za kuzunguka za siku hizi zinasafishwa kwa kuandikwa juu yake, mwanzo hadi mwisho, mara moja tu. Mwongozo wa taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, unaoitwa 800-88 na kutumiwa hata nje ya nchi hiyo, unaiona kuwa inatosha kwa matumizi mengi. Programu za kuifanya kazi hiyo ni za bure, na mashine zinaweza kuachwa zikijisafisha usiku kucha wakati askari wa zamu anakunywa kahawa yake nje. Diski za SSD, zile zisizo na kitu kinachozunguka ndani, zina amri yake maalumu ya kujifuta, na kuandika juu yake kwa njia ya kawaida hakuaminiki, jambo ambalo fundi wa ofisi analazimika kulijua. Kilichobaki ni cheti cha ukurasa mmoja chenye namba ya diski, tarehe na saini. Ofisi ikikataa kabisa kutoa diski kwa sababu ya uzito wa siri zake, inayo haki hiyo. Basi iache vishikizo na skrubu, na iieleze shule mapema ili itafute diski nyingine kabla ya mzigo kupakiwa.

Kupakia kwenyewe si jambo dogo huku. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ndivyo anavyouona mtoaji aliyeko bara: kwake safari inaishia Mokowe gatini. Kwetu hapo ndipo inapoanza. Kompyuta zinashushwa kwenye lori, zinaingizwa kwenye boti mpaka Amu, yaani mji wa Lamu wenyewe kisiwani, kisha zinapakiwa kwenye mikokoteni au punda kupita vichochoro ambavyo gari haliwezi kuviingia. Zinazokwenda Faza au Kizingitini, katika kisiwa cha Pate, zinangojea maji yajae ndipo boti ipite mkondo wa Mkanda, na njiani mawimbi hayaulizi kama kilichofunikwa kwa turubai ni kibodi au ni unga. Nimeona mashine zilizofungwa kwa karatasi ya nailoni na vitambaa vya zamani zikifika salama, na nyingine zilizofika kwenye maboksi mazuri ya kiwandani zikiwa zimelowa chini. Fedha za kazi hii yote hazimo kwenye barua ya msaada. Mpango wa Marekani unamwachia mpokeaji gharama hizo, lakini unamwambia tangu mwanzo. Hapa mara nyingi mwalimu mkuu anazijua anapopigiwa simu kwamba mzigo uko gatini na wapagazi wanataka chao.

Umeme nao unaamua kompyuta ipi ni msaada na ipi ni adhabu. Mjini Amu tuko kwenye gridi ya taifa, na ingawa umeme hukatika, mtu anaweza kuendesha chumba cha kompyuta za mezani. Shule inayotegemea sola kule Pate ina hesabu tofauti. Kompyuta ishirini za mezani pamoja na skrini zake, tukikadiria wati 100 kila moja, zinakula wati 2,000, na kwa saa tano za masomo zinamaliza yuniti 10. Vipakatalishi ishirini vya wati 35 hivi vinatumia yuniti tatu na nusu kwa saa hizo hizo, na umeme ukikatika somo linaendelea kwa betri, ikiwa betri zingali hai. Ofisi inapogawa ingepaswa kuuliza swali hilo moja tu, na vipakatalishi vikaenda visiwani, mashine za mezani zikabaki mjini na bara. Sijaona fomu yoyote inayouliza.

Je, mashine ya miaka minane au tisa inafaa nini darasani? Inafaa sana, mradi iwe na gigabaiti 8 za kumbukumbu na diski ya SSD, hata ndogo. Anayedharau kompyuta ya umri huo hajaisimamia mitihani. Watahiniwa wa somo la kompyuta katika KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, wana karatasi ya vitendo, na kila mmoja anahitaji mashine yake, inayofanya kazi kwa muda wote wa mtihani, pamoja na njia ya kuchapisha majibu. Kwa miaka mingi maagizo ya karatasi hiyo yamewataka watahiniwa wakabidhi kazi iliyochapishwa pamoja na CD au kifaa kingine cha kuhifadhia. Kwa hiyo ile sehemu ya kuchomea CD ambayo ofisi inaiona kuwa kichekesho, shuleni imekuwa mali, na printa moja nzima yenye wino unaopatikana madukani hapa ina faida kuliko kompyuta tano za ziada. Ajabu ni kwamba printa ndizo zinazosahauliwa kwenye shehena.

Suala la Windows 10 kukosa marekebisho linatisha kuliko inavyostahili, kwa kuwa chumba kisicho na intaneti hakiko kwenye hatari ile ile ya ofisi, na kilicho nayo kinaweza kuhamia Linux, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Linux Mint inakwenda vizuri kwenye mashine hizi, na LibreOffice inatosha kumfundisha kijana kuandika barua, kutengeneza jedwali na kuelewa hifadhidata, ingawa nakiri kwamba walimu wengi wanapendelea watahiniwa wazoee programu za Microsoft. Kiswahili si kigeni katika ulimwengu huu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004, wakati wengi wetu tulikuwa bado tunajifunza kushika kipanya. Na kwa shule isiyo na intaneti, programu ya Kiwix inaiweka Wikipedia ya Kiswahili nzima ndani ya diski, ikasomeka bila mtandao wowote. Ningependa ofisi inayotoa mashine izitoe zikiwa tayari na vitu hivi, kazi ya siku chache kwa fundi mmoja, kuliko ilipie hema na viti vya sherehe ya makabidhiano.

Kuna jambo ambalo walimu wakuu wanaogopa kulisema, nami nalisema: shule iwe na haki ya kukagua kabla ya kupokea, na kukataa bila kuonekana haina shukrani. Msaada usiofanya kazi haubaki kuwa sifuri. Unakuwa taka, na mwenye taka sasa ni shule. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022 na chini ya robo yake ndiyo iliyokusanywa na kuchakatwa kwa njia rasmi. Kituo kinachojulikana zaidi cha kuzichakata nchini, WEEE Centre, kiko Nairobi. Hapa kisiwani skrini ya zamani ya kioo kizito, yenye risasi ndani yake, haina pa kwenda isipokuwa nyuma ya darasa, na waya zikichomwa kwa ajili ya shaba moshi wake unavutwa na watoto wale wale tuliotaka kuwafundisha. Ofisi inayokabidhi ingepaswa kutia saini kwamba mashine ikikataliwa baada ya ukaguzi itarudi kwake na itaiondoa kwa gharama yake. Nina hakika sharti hilo peke yake lingepunguza shehena za vifaa vibovu kuliko semina yoyote.

Wanaobaki nje ya yote niliyoyaeleza ni madrasa, vituo vya mayatima, vyama vya watu wenye ulemavu na shule za binafsi za kijamii, ambazo huku kwetu zinabeba sehemu kubwa ya malezi. Kwa sheria yetu hao si taasisi za umma, hivyo ofisi haiwezi kuwahamishia kompyuta kwa barua kama inavyoweza kwa sekondari ya serikali. Mmarekani aliifungua njia hiyo kwa mashirika ya elimu, sisi bado. Kinachowabakia ni mnada, na mnada wa mali ya umma mara nyingi huuzwa kwa mafungu. Ustadhi wa madrasa anayetaka vipakatalishi vitano anakuta vimo kwenye fungu moja na viti vilivyovunjika, matairi na mashine ya kurudufu iliyokufa, anatakiwa aweke amana kabla ya kutaja bei, na anashindana na mchuuzi aliyekuja na lori kutoka Mombasa. Kuirekebisha sheria kutachukua muda na kunahitaji bunge. Kuligawa fungu, kompyuta zikawa peke yake na kwa idadi ndogo ndogo, hakuhitaji bunge. Kamati ya ofisi inaweza kulipendekeza katika kikao chake kijacho.